Mahali Palipoachwa Wazi

Kazi yangu ni kutengeneza vitu vya zamani kwa makusudi, kisha kuvipandisha nione kama vitapona. Nikieleza hivyo msibani au kwenye harusi watu hutikisa vichwa kwa adabu na kubadilisha mazungumzo, nami siwalaumu. Ofisi yetu iko mjini, Ipagala, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Dirisha langu halifungi sawasawa, kwa hiyo upepo wa kiangazi ukianza, vumbi linaingia mpaka kwenye vitufe vya kompyuta, na kazi ya kwanza ya asubuhi, kabla ya chai, ni kufuta.

Tunatengeneza programu ya simu ya mabwana mifugo. Bwana mifugo anakwenda kijijini ambako mtandao haupo, anaandika kaya, mifugo, chanjo na magonjwa, na simu inayatunza yote kwenye hifadhidata yake yenyewe, ghala dogo lenye safu na mistari. Akirudi penye mtandao, simu inatuma kwenye ghala kuu la ofisini. Kila ghala lina namba ya toleo. Tukibadilisha muundo, tuseme tumeongeza safu moja ya chanjo, tunaandika ndani ya msimbo hatua za kulivusha ghala kutoka toleo la zamani kwenda jipya. Simu ikipata programu mpya inasoma namba, inajua iko wapi, inapanda hatua moja baada ya nyingine. Na mipangilio ya mtumiaji, yaani yale aliyojiwekea mwenyewe kama ukubwa wa maandishi, inatakiwa ivuke pamoja naye.

Huo uvukaji ndio ninaoujaribu mimi. Natengeneza ghala la toleo la kwanza kama lilivyokuwa enzi zake, nalijaza watu wa kubuni, nalipandisha mpaka juu, halafu nahakiki kwamba hakuna aliyepotea njiani. Jaribio likipita, linatoka alama ya kijani. Likishindwa, nyekundu. Kwa miaka hii nimezoea kuamini ile kijani kuliko ninavyoamini watu wengi.

Wanakijiji wetu wa kubuni walikuwa watu wa ajabu, na nilichelewa kuligundua hilo. Kila mmoja alikuwa na majina matatu, namba ya simu, na idadi kamili ya ng'ombe. Walitungwa na vijana wa ofisini kabla sijaajiriwa, watu wa mjini, na mtu wa mjini akiulizwa ana kuku wangapi anajibu palepale. Niliwarithi hivyo hivyo pamoja na kiti kibovu.

Mimi nilipaswa kujua zaidi, kwa sababu nimekulia kwa watu wasiohesabu ng'ombe. Kaka yake mama yangu anakaa ng'ambo ya Kongwa, kwenye nyumba ya tembe, ya udongo na paa la bapa, yenye zizi ubavuni. Mama alipofariki nilikuwa mdogo, na likizo zote nikawa napelekwa kwake. Siku moja jioni ng'ombe walipokuwa wanaingia nikaanza kuwahesabu kwa sauti, nikiwanyooshea kidole kama tulivyofundishwa shule. Mke wa mjomba akanipiga kofi la mkono, si la kuumiza, la kunyamazisha. Kwa wazee wetu, kutaja idadi ya ng'ombe kwa mdomo ni kuwaita waanze kupungua.

Mjomba alikuwa na utaratibu wake. Alisimama langoni na fimbo begani, akiwatazama wanavyopita, na midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti. Alikuwa anawataja kwa rangi. Mwekundu wa paji jeupe, mweusi wa madoa, wa kijivu aliyevunjika pembe. Wakiisha kuingia wote alijua nani hayupo na pengine amekwama wapi. Miongoni mwao alikuwamo mmoja wangu. Mjomba alinipa mtamba mwekundu mwenye baka jeupe pajani wiki ya mazishi ya mama, alinishika tu bega akanipeleka mpaka alipokuwa amesimama. Yule alizaa, na watoto wake wakazaa, na wote walikuwa na lile baka. Nilipokuwa chuoni, nikipiga simu, mjomba alinijulisha habari zao kabla ya habari za watu.

Basi mwaka huu mvua ilikata mapema. Uwele ulitoka ardhini ukasimama kimo cha goti, ukanyauka hapohapo. Ilipofika katikati ya kiangazi, watu wa Kongwa walikuwa wanainua ng'ombe kila asubuhi: ng'ombe aliyekonda akilala hawezi kusimama mwenyewe, kwa hiyo wanaume wanapitisha mti chini ya tumbo, mmoja anashika mkia, wanamnyanyua. Akisimama, siku hiyo amepona. Ukaja mradi wa kugawa chakula cha mifugo, marobota ya nyasi na mashudu ya alizeti, kwa kaya zenye ng'ombe. Orodha ya kaya ilitoka kwenye programu yetu. Ofisini tulifurahi, mkuu wetu akaagiza nyama choma.

Mjomba alinipigia simu adhuhuri ya siku ya kazi, jambo ambalo hafanyi, maana kwake kupata mtandao ni mpaka apande kilimani. Tulisalimiana kwa kirefu kama kawaida, akaniuliza afya, akaniuliza vumbi la mjini, ndipo akafika.

"Wameniambia mfumo unasema sina ng'ombe," alisema. "Hebu muulize huyo mfumo, aliingia lini zizini kwangu."

Alikuwa ameenda ofisi ya kijiji siku ya kugawiwa, akakaa mpaka mwisho, jina lake likasomwa kwenye orodha ya wasiostahili. Wengine wa rika lake nao walikuwa kwenye orodha hiyo hiyo. Vijana wao walipata. Aliniambia hayo bila kulalamika, na mimi nilipandwa na hasira.

Sikuhitaji kutafuta sana. Nilitengeneza ghala la toleo la tatu, nikamweka humo mzee mmoja wa kubuni, na safari hii pale penye idadi ya ng'ombe nikapaacha wazi. Nikalipandisha. Kila kitu kikawa kijani. Nikafungua ghala kwa mkono nikamtazama yule mzee wangu: ana ng'ombe sifuri.

Ilikuwa hatua ya kutoka toleo la tatu kwenda la nne. Aliyeiandika alikwisha kuondoka, yuko Dar, na sina haja ya kumtafuta. Aliamua kwamba safu ya idadi isiwe tupu kamwe, na palipo tupu paandikwe sifuri, ili hesabu za jumla zisisumbue. Kwenye darasa lolote angesifiwa. Na majaribio yote yalipita, kwa sababu wanakijiji wetu wa kubuni hawakuwahi kuacha wazi. Tupu maana yake ni kwamba mtu hakusema. Sifuri maana yake ni kwamba hana. Mashine haikujua tofauti hiyo, na hakuna aliyeiuliza.

Halafu nikakuta la pili, ambalo liliniuma zaidi. Toleo la tatu lilikuwa na mpangilio mmoja mdogo wa kuruhusu idadi iachwe wazi. Bwana mifugo wa kata ya mjomba alikuwa ameuwasha mpangilio huo kwenye simu yake, kwa sababu yeye ni Mgogo, anawajua wazee wake, na hakutaka kumlazimisha mtu mzima ataje asichotaja. Hatua ileile ya kupandisha toleo iliirudisha mipangilio yote, hata ile iliyokwisha kutumwa ghala kuu, kama ilivyotoka kiwandani. Hata kama angetaka kusahihisha, simu aliyopewa baadaye, yenye toleo jipya, ilikuwa inakataa kupaacha wazi.

Nilimpelekea mkuu. Ni mtu mwema, mwoga kidogo, na alisikiliza mpaka mwisho huku akisugua miwani yake. Akasema kwenda mbele tutarekebisha leo leo, ila kurudi nyuma hatuwezi. Alikuwa sahihi na ndiyo maana nilitaka kumrushia kikombe. Ghala kuu nalo lilipanda kwa hatua hiyo hiyo. Sifuri ikishaandikwa haisemi ilikotoka. Kulikuwa na sifuri za kweli humo ndani, watu waliokwisha kufilisika na wajane walionyang'anywa, na tukizigeuza zote kuwa tupu tutakuwa tumedanganya upande wa pili. Waliokuwa wanajua tofauti ni wazee wenyewe, na hao mradi ulishawaambia waende nyumbani.

Ndipo nikamkumbuka bwana mifugo. Nilimpigia nikamuuliza ile simu yake ya zamani iko wapi, akasema ilipasuka kioo alipoanguka na pikipiki, akapewa nyingine, ile ya zamani iko kabatini kwake Kongwa. Simu iliyokuwa kabatini haikupata programu mpya, kwa hiyo ghala lake bado lilikuwa toleo la tatu, na ndani yake tupu zilikuwa bado tupu.

"Usiiwashe," nilimwambia. "Ikigusa mtandao tu, itajipandisha yenyewe."

Nilikwenda kesho yake, nikitokea stendi ya Nzuguni na alfajiri. Nilimkuta ameifunga kwenye gazeti na kuitoa laini kabisa, na betri ameiweka chumba kingine. Tulinywa chai, hakuniuliza maswali mengi. Aliniambia tu kwamba kule juu, kwa kina mjomba, wameanza kuchuna. Nilielewa. Ng'ombe akifa kwa njaa hakuna nyama ya maana, kinachookolewa ni ngozi.

Sikwenda kwa mjomba siku hiyo, ingawa nilikuwa karibu. Nilijiambia kila saa ina maana, nikageuza na simu mkobani.

Ofisini nililinakili lile ghala, nikaweka nakala pembeni, na kufanya kazi na nakala ya nakala, maana hapo sikuwa na imani hata na vidole vyangu. Kwanza niliandika jaribio linalouliza kama palipo tupu pamebaki tupu, nikalipandisha ghala kwa hatua ya zamani ili lishindwe mbele ya watu. Nyekundu, mstari baada ya mstari, kata nzima ya wazee. Mkuu alisimama nyuma ya kiti changu akiisoma. Kisha tukaiandika upya ile hatua: palipo tupu pabaki tupu, na mpangilio aliouwasha mtu ubaki umewaka. Nikalipandisha tena kutoka la tatu mpaka la sasa. Mjomba akapita pale kwenye kioo cha kompyuta na jina lake na mahali pake palipoachwa wazi. Nilitokwa na machozi kazini kwa mara ya kwanza, na kijana wa meza ya pili akajifanya anatafuta chaja.

Tulirudisha majina kwenye ghala kuu, tukapeleka orodha mpya kwa watu wa mradi, tukieleza kwamba aliyeacha wazi ana ng'ombe ila hataji idadi. Wakashukuru. Wakasema kazi nzuri sana. Wakasema pia kwamba orodha ya awamu hii ilishasainiwa na magari yalishapangiwa, hivyo waliorudishwa wataingia awamu inayofuata. Nilibishana nao mpaka mkuu akaninyang'anya simu kwa upole. Kwenye karatasi zao hakukuwa na mtu mbaya hata mmoja.

Katika kusubiri nilimpigia mjomba mara kadhaa. Mara nyingi hakupatikana. Siku aliyopatikana nilimuuliza ng'ombe wanaendeleaje, akajibu, "Wanaosimama wanasimama," akaniuliza kama nakula vizuri. Hakuniambia habari za mwekundu wa baka, na mimi sikuthubutu kuuliza. Nilijua ninachokimbia.

Awamu iliyofuata ilipofika niliomba ruhusa nikaenda nayo. Lori lilishusha ofisi ya kijiji, majina yakasomwa, na wazee wakaitikia mmoja mmoja. La mjomba lilisomwa likaitikiwa na jirani yake, kwamba yupo nyumbani. Bwana mifugo akapanda pikipiki yake mbele, mimi nikabaki na lori lililobeba marobota ya mjomba na ya jirani huyo, tukafuata njia ya mchanga mpaka kwenye tembe.

Lango la zizi lilikuwa wazi. Lile tawi la miiba linalowekwa jioni kuziba lilikuwa limetupwa pembeni na limefunikwa na mchanga, kumaanisha halijaguswa kwa muda. Samadi ilikuwa kavu, nyeupe. Juu ya paa la tembe ngozi zilikuwa zimekunjwa, zimepangwa na kuwekewa mawe juu yake. Niliziona rangi kabla sijajizuia kuziangalia.

Mjomba alikuwa amekaa kwenye kigoda upande wenye kivuli. Nikampigia magoti, shikamoo mjomba, akaitikia marahaba, kisha akanisalimu kwa lugha yetu, mbukwa, na kushika kichwa changu. Alikuwa amekonda usoni. Mke wake alitoa maji ya kunawa na kuanza kuulizia safari kana kwamba nimekuja kutembea. Wapakuaji walikuwa wamesimama na robota la kwanza mabegani, wakisubiri waambiwe pa kuweka.

Utaratibu ulitaka bwana mifugo ahakiki kaya kwenye simu kabla ya kushusha. Akafungua programu yetu, toleo jipya, lililopita majaribio yote. Nilimuona akiweka jina, kijiji, alama ya kidole. Alipofika penye idadi ya ng'ombe aliruka kwa kidole gumba, kwa heshima, na programu ikamruhusu kama tulivyoifundisha. Kwa nusu dakika niliona fahari, na nasema hivyo kwa aibu.

"Hapo umeruka nini?" mjomba aliuliza.

Bwana mifugo akamwambia ni pale pa idadi, na kwamba amepaacha wazi kama siku zote.

Mjomba akasimama, akaenda mpaka langoni mwa zizi, akashika mwimo wake, na akaanza kuwataja. Safari hii kwa sauti, kwa majina yaleyale ya rangi ambayo uzao uliyarithi. Mwekundu wa paji jeupe, huyu aliangukia mtoni. Mweusi wa madoa, tulimwinua siku nyingi, mwisho akakataa. Wa kijivu wa pembe, na ndama wake tumboni. Aliendelea, kila mmoja na mahali alipolala, na bwana mifugo akaishusha simu mpaka kwenye paja. Wa baka aliwaweka mwisho. Alimtaja mama yao, mtamba wangu ambaye alikuwa ameshakuwa bibi, akasema huyo ndiye aliyesimama peke yake siku za mwisho, na kwamba alimfungulia aingie ndani ya tembe alale na watu. Nilikuwa nimekaa chini mavumbini na sikujua nimekaa saa ngapi.

Alipomaliza alirudi kwenye kigoda.

"Usiache wazi," alimwambia bwana mifugo. "Andika sifuri. Sasa hakuna wa kupungua."

Bwana mifugo alinitazama mimi. Akaandika. Programu ikapokea mara moja, bila kuuliza, na ikatoa ujumbe kwamba kaya hii haistahili mgao. Hilo nalo lilikuwa sahihi. Mjomba hakungoja asomewe. Aliwapungia wapakuaji mkono wapeleke zile nyasi kwa jirani, ambaye alikuwa amebakiwa na wawili watatu, na kuwakumbusha wasiziburute, zisije zikamwagika njiani. Mke wake akaniita ndani nile. Kulikuwa na ugali wa uwele na mlenda, nikala wote kwa sababu walikuwa wananitazama.

Jumatatu nilirudi Ipagala, nikafuta vumbi kwenye vitufe. Wale wanakijiji wa kubuni niliwafumua wote nikawatunga upya. Sasa wamo waliokataa kusema, wengi tu, na majaribio yanahakiki kwamba katika kila toleo palipo wazi panabaki wazi. Nikaongeza na mzee mmoja ambaye kwenye safu ya ng'ombe ana sifuri aliyoisema mwenyewe. Jaribio lake ni jepesi kuliko yote. Linampandisha kutoka toleo la kwanza mpaka la mwisho, kisha linauliza kama sifuri yake bado ni sifuri.

Linapita kila asubuhi, kijani, na kila asubuhi natamani lishindwe.